Sita juu ya Kumi

Niliteremka kugomba.
Ijumaa usiku, chini ya jumba letu Michenzani,
vijana na kipaza sauti cha kukodi,
waya wa umeme umepenya dirishani kwa Bi Mwatima
kama mgeni aliyezoea.

Nikafika kanga imekaa upande,
vidole bado vyanuka ukwaju na bizari.
Kabla sijafungua kinywa, Vuai, yule wa fundi viatu,
akanitia mkononi kipande cha boksi la sabuni na kalamu ya wino mzito.
"Bi Zuwena, wewe huna upendeleo. Kaa, utoe alama."

Huna upendeleo, kwa Kiswahili cha mtaani kwetu,
maana yake una roho mbaya.
Nikakaa.

Wakapanda mmoja mmoja juu ya kreti la soda.
Wa kwanza alimshitaki babake kwa mikono miwili.
Wa pili alisahau katikati, akasimama tu, macho kodo,
na kundi zima likaalisha vidole, ta, ta, ta,
mpaka maneno yakamrudia.
Hilo sikulitarajia.
Kwetu aliyekwama huchekwa.

"Vina viko wapi?" ikauliza sauti ya dirisha la juu.
"Vinapanda ngazi!" Vuai akajibu.
Tukacheka. Hakuna aliyeinua kichwa kutazama nani kauliza.

Kisha Time, mtoto wa Micheweni,
aliyeletwa kwa shangazi yake kwa ajili ya skuli.
Neno la kwanza tu, wakaicheka lafudhi.
Akasubiri.
"Mwacheka nini? Mie sijaanza."
Akasoma bahari, akasoma mwezi, akasoma lulu,
shingo imenyooka, sauti tamu.
Majaji wenzangu wawili wakanyanyua tisa.
Mimi nikaandika sita.
Nikazomewa, mtu mzima na biashara yangu.

Asubuhi yuko mlangoni, dumu tupu mkononi.
"Bi Zuwena, sita ya nini?"
"Bahari umeitaja mara nne," nikamwambia.
"Lulu umeiona wapi?
Na hilo dumu ulilolishika kila siku ya Mungu
hukulitaja hata mara moja."
Akaondoka bila kuaga.
Nikasema basi, nishamuua.

Ijumaa ya pili akapanda kreti na dumu lake.
Akaligonga. Likalia utupu.
Akaanza kuhesabu ngazi, kutoka pampu hadi juu,
na kila mlango alioupita akautaja kwa mwenyewe:
nani anakaanga, nani anakohoa,
nani kazima redio ili amsikie mwanawe akirudi.
Ngazi ya sitini akasimama.

"Hapa anakaa Bwana Ngwali. Mguu mmoja hauamki.
Kila siku nampitia na maji.
Nampitia.
Sikusema nampelekea."

Hapo hakuna kidole kilichoalika.
Bi Mwatima alitazama viatu vyake.
Mie na Ngwali tumeachana ukuta mmoja, mwaka wa kumi na moja huu.
Urojo nimemuuzia, chenji nimemhesabia.

Nikaandika nane.
"Na mbili?" Vuai akauliza.
"Nimeziweka."

Jumamosi alfajiri, mlangoni kwa Ngwali, ndoo tatu:
moja haina mpini,
moja ya rangi iliyokwisha,
ya tatu naijua, ni yangu, niliitua usiku nisionekane.

Pampu bado mbovu.
Sheha bado anasema wiki ijayo.
Na Ngwali kagomba mpaka korido ikajaa:
"Nani kawaambia nina kiu yote hii?"

Vijana wametafuta kiti cha kumteremshia.
Anasema Ijumaa ana lake la kusoma, na lake lina vina.
Boksi la sabuni ninalo, kalamu ninayo.
Tutaona.